Jinsi ya kula vizuri kwenye migahawa ya mjini bila presha

Watu wengi wakitaka kwenda kula mjini wanaanza na bei, wengine wanaanza na picha walizoona kwenye simu, mi nakwambia anza na swali moja tu: hapa chakula kinaisha haraka au kinalala? Mgahawa wa kawaida kabisa wenye viti vya plastiki na menyu ya karatasi moja, kama watu wanaingia na kutoka muda wote wa kula basi ujue sufuria zinaisha na kupikwa upya, mafuta ya kukaangia hayakai wiki, samaki hana muda wa kuzoea friji. Sasa chukua ule wenye taa nzuri na makochi halafu saa saba mchana hauna mtu, wali utakaoletewa umepikwa lini? Nyama imetolewa lini? Karibu kila kitu nachoandika hapa chini kinatoka kwenye hilo swali. Na naongelea kula kwa kawaida, sio shughuli ya kuvaa suti, ni ile umetoka kazini na wenzako, umefika mji mgeni una njaa, au jumamosi mmeamua tu leo hatupiki.

Hatua ya 1: Jijue kabla hujatoka

Mambo manne: njaa ni ya kiasi gani, una muda gani, uko na nani, na hela ya leo inaishia wapi. Hiyo ya hela iweke pamoja na vinywaji, kwasababu watu wanapiga hesabu ya sahani peke yake halafu wanashangaa bili, wakati soda mbili juisi moja na kahawa vinaweza kuwa nusu ya mlo mwingine. Kama mko wengi ulizeni mapema kama kuna asiyekula nyama, mwenye mzio, mzee asiyeweza kupanda ngazi, mtoto mdogo. Ni mesiji moja tu kwenye grupu na inaokoa nusu saa ya kusimama barabarani mkibishana.

Hatua ya 2: Tafuta kwa simu, amua kwa macho

Simu ni nzuri kwa kupunguza orodha ila isikuamulie. Ukifungua Google Maps usiishie kwenye nyota, maana mgahawa wenye nyota 4.8 kwa maoni 12 hujui kama hao 12 ni ndugu na marafiki, bora wenye 4.2 kwa maoni elfu moja. Panga maoni kwa tarehe uone ya karibuni, mgahawa unaweza kuwa ulikuwa moto miaka mitatu iliyopita na sasa mpishi ameshahama na jina limebaki. Halafu soma ya nyota tatu, hayo mi ndo nayaamini zaidi, kwasababu wa nyota tano kafurahi na wa nyota moja kakasirika ila wa nyota tatu anakwambia mambo yalivyokuwa, kwamba supu nzuri ila walichelewa, kuku alikuwa mkavu ila dada wa pale alihudumia vizuri. Na uangalie picha zilizopigwa na wateja, achana na za wenye mgahawa, utaona sahani ina ukubwa gani kweli na meza zimekaaje.

Kitu kingine kwenye hiyo hiyo ramani ni ile grafu ya muda watu wanapojaa, ambayo wengi wanaipita bila kuiangalia. Inakuonyesha saa gani pana watu saa gani pametulia. Mgahawa ambao grafu yake inapanda vizuri muda wa mchana na jioni ndo ule ambao chakula chake hakilali.

Ukishapata viwili vitatu nenda kwa miguu kama mtaa unaruhusu. Tembea hata mitaa miwili mbali na barabara kubwa ya watalii au mbali na stendi, pale ambapo kodi inapungua na mgahawa unaishi kwa wateja wanaorudi. Mgahawa uliopo sehemu ambayo kila mtu anapita mara moja maishani mwake hauna sababu kubwa ya kukuridhisha, hawakutegemei kesho. Mgahawa ulio chini ya ofisi, karibu na karakana, nyuma ya soko au jirani na hospitali unawategemea watu walewale kila siku, na watu hao wakiona siku moja chakula kimeharibika mwezi mzima hawarudi. Angalia wanaokula ni akina nani. Ukiona madereva, mafundi, wamama waliotoka sokoni, wafanyakazi wenye vitambulisho shingoni, hapo pameshapimwa na wenye njaa ya kweli na hela ya mahesabu.

Na usidhani chakula cha bei ya kawaida ni chakula cha daraja la chini. Hata kile kitabu cha Michelin cha kuorodhesha migahawa mizuri, ambacho kilianza Ufaransa mwaka 1900 kikitolewa na kampuni ya matairi kwa ajili ya wenye magari, tangu 1997 kina alama yake kabisa ya Bib Gourmand kwa migahawa yenye chakula kizuri kwa bei ya wastani, mbali na zile nyota wanazowapa migahawa ya juu kabisa. Wanaojua chakula wanajua kwamba ufundi wa mpishi sio lazima ukae kwenye kitambaa cheupe.

Hatua ya 3: Panga saa

Hapa ndo watu wengi wanaharibikiwa na hawajui kwanini. Jikoni kuna maandalizi na kuna vita. Maandalizi ni kabla ya watu kuja, wanakata vitunguu, wanachemsha mchuzi, wanaloweka nyama kwenye viungo, kila kitu kinapangwa kwenye vibakuli. Vita ni pale oda zinapoingia thelathini kwa mara moja na mpishi yule yule ana majiko yale yale manne. Ukifika katikati ya vita utakula, ila utasubiri, chakula kinaweza kuja kimeharakishwa, na mhudumu hana muda wa kukuelezea menyu. Ukifika baada ya vita, ile saa tisa saa kumi alasiri, utakuta yaliyobaki na baadhi ya vitu vimekwisha.

Saa nzuri ni nusu saa kabla ya msongamano. Kama watu wa mji huo wanakula mchana saa saba, wewe ingia saa sita na nusu. Chakula ndo kimetoka jikoni sasa hivi, meza unachagua mwenyewe, mhudumu hajachoka. Jioni vivyo hivyo. Ila miji inatofautiana sana kwa saa za kula, kuna ambako saa moja jioni ndo kilele na kuna ambako saa tatu usiku bado wanapanga viti, kwahiyo iangalie ile grafu tena au muulize mtu wa pale hotelini.

Usiku wa manane sitaki kukudanganya, chagua kwa makini. Saa iliyoandikwa mlangoni ya kufunga ni ya mgahawa, jiko mara nyingi linafungwa mapema zaidi, ukiingia dakika kumi na tano kabla ya kufunga umewakuta wanasugua majiko na watakupikia kwa kuwa umeshakaa. Piga simu uulize, "jiko linapokea oda mpaka saa ngapi?" Ni swali la kawaida kabisa na hawachukii.

Hatua ya 4: Dakika mbili za mlangoni

Kabla hujakaa simama kidogo uangalie. Sio kukagua kama bwana afya, angalia tu. Harufu inatakiwa iwe ya chakula, ukisikia harufu ya mafuta yaliyoungua zamani au ya kitambaa chenye maji geuza. Meza ikimaliza mtu inafutwa au inaachwa? Anayeshika hela ndo huyo huyo anashika mkate bila kunawa? Nyama mbichi na saladi vinakatwa kwenye ubao mmoja? Kama jiko liko wazi ni bahati, unaona kila kitu. Choo nacho kinasema mengi, mgahawa ambao choo chake hakina sabuni ujue wapishi nao wananawia choo hicho hicho mara nyingi.

Kama chakula kiko kwenye bufee au nyuma ya kioo angalia mvuke. Shirika la Afya Duniani lina kanuni zake tano za chakula salama, na namba za kukumbuka ni chache: chakula kipikwe mpaka katikati kifike nyuzi 70 za selsiasi, cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi kikae chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Katikati ya 5 na 60 ndo bakteria wanaongezeka kwa kasi. Huna kipimo mkononi, sawa, ila macho unayo: trei inatoa mvuke au imetulia na mafuta yameganda juu? Saladi imekaa kwenye barafu au iko tu juani? Trei ndogo zinazobadilishwa badilishwa ni bora kuliko trei moja kubwa iliyojazwa asubuhi halafu wanaongezea juu, yaani chini kuna chakula cha saa nne na juu cha saa nane.

Baadhi ya miji imekurahisishia. New York tangu 2010 migahawa inabandika mlangoni herufi A, B au C kutokana na ukaguzi wa usafi, Uingereza wana alama kuanzia 0 mpaka 5. Ukiwa kwenye mji wenye utaratibu kama huo tafuta hiyo karatasi, iko karibu na mlango, na kama sheria ya pale inataka ibandikwe na huioni basi uliza.

Hatua ya 5: Soma menyu

Menyu fupi ni dalili nzuri. Vyakula kumi na tano vinavyofanana kidogo maana yake viungo vile vile vinatumika kila siku na vinaisha. Menyu ya kurasa kumi na mbili yenye piza, samaki mbichi, nyama choma, tambi na supu za nchi sita, jiulize jiko la watu watatu linahifadhi vipi vitu vyote hivyo, jibu ni friza. Friza sio sumu, ila hukutoka nyumbani kwa ajili hiyo.

Kwahiyo agiza kile ambacho jiko hilo linapika zaidi. Ndo siri kubwa ya huu mwongozo wote. Kwenye mgahawa wa samaki kula samaki, kwa wachoma nyama kula nyama, usiende sehemu ya supu ukaagiza baga halafu ukalalamika. Angalia meza za wengine, kama sahani moja iko kwenye meza tano kati ya nane basi hiyo ndo inatoka jikoni kila dakika. Na muulize mhudumu, ila uliza vizuri. Ukimuuliza "kipi kizuri?" atakwambia vyote vizuri, afanyeje, ndo kazi yake. Muulize "dada, leo kipi kimetoka sana?" au "kaka, wewe ukiwa unakula hapa unachukua nini?" utaona anawaza kidogo halafu anakupa jibu la kweli, na mara nyingi ni kitu ambacho hata hukukiona kwenye menyu.

Spesho ya siku nayo uliza imetokana na nini. Inaweza kuwa samaki wameingia asubuhi kwa bei nzuri, hapo chukua haraka, na inaweza kuwa ni nyama inayotakiwa iishe leo. "Samaki gani leo, ameingia lini?" linatosha. Mhudumu anayejua anajibu palepale, anayeenda kuuliza jikoni na kurudi na jibu pia sawa, ila anayesema "ni samaki tu" mi naagiza kuku.

Hilo la samaki nalisisitiza kwasababu kuna tatizo moja watu hawalijui. Samaki kama jodari na vibua wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa wanajenga kemikali inayoitwa histamini, na histamini haiondoki hata ukimkaanga mpaka awe mkaa. Mtu anakula, baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, anadhani ana aleji ya samaki kumbe samaki alikosa barafu. Ukitafuna samaki ukasikia kama pilipili inachoma ulimi na hakuna pilipili, acha hapohapo.

Wali nao, maana unadharauliwa. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukiachwa nje kwenye joto anaamka na kutengeneza sumu, na moja ya sumu hizo haifi kwa kupasha. Ndo maana wali wa kukaanga kwenye mgahawa usio na wateja ni kitu cha kufikiria mara mbili, kawaida unatengenezwa na wali uliopikwa kabla, na kama huo wali ulikaa kwenye friji hakuna shida, kama ulikaa kwenye sufuria juu ya kaunta kuna shida.

Nyama ya kusaga ni tofauti na steki, hili pia jua. Kwenye kipande kizima bakteria wako nje na moto unawamaliza, ukishaisaga wale wa nje wanaingia ndani, kwahiyo baga yenye katikati nyekundu sio sawa na steki yenye katikati nyekundu. Agiza iive. Na barafu kwenye glasi mara nyingi ni maji ya bomba la pale, kama maji ya mji huo hunywi basi na barafu yake usitie, chukua chupa ambayo kifuniko unakifungua mwenyewe.

Hatua ya 6: Mzio, dini na vitu usivyokula, sema kabla ya oda

Usiseme mwisho, usiseme kwa kunong'ona, sema kabla hawajaandika chochote. Na usiseme tu "sili karanga", mhudumu anaweza kudhani ni kupenda na kutopenda, sema "nikila karanga naumwa sana naweza kulazwa, naomba umuulize mpishi." Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa kwa anayesikia. Uliza na mafuta ya kukaangia, maana viazi ambavyo havina kitu vinaweza kukaangwa kwenye mafuta yaleyale yaliyokaangia kamba wa baharini, na sosi inaweza kuwa na ufuta, soya, maziwa au unga wa ngano bila kuonekana. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwishoni mwa 2014 migahawa inatakiwa iweze kumwambia mteja kama chakula kina kimojawapo kati ya vitu 14 vinavyoleta mzio, kwahiyo kule una haki ya kuuliza na wao wana wajibu wa kujibu. Kwingine inategemea mgahawa, ndo maana ukisafiri andika kwenye karatasi kwa lugha ya pale usivyoweza kula, karatasi hiyo inaenda jikoni yenyewe.

Asiyekula nyama aulize supu imechemshwa na nini, maana supu ya mboga inaweza kuwa na mifupa ya kuku chini. Anayekula halali aulize nyama inatoka wapi na kama kuna mvinyo kwenye sosi. Wakikosa jibu la uhakika mshukuru na agiza kitu ambacho hakina maswali, mayai, samaki mzima, matunda. Mhudumu anayekubali kwamba hajui ni mhudumu mzuri, usimkasirikie.

Hatua ya 7: Kaa, agiza, tulia

Meza ina maana kuliko watu wanavyofikiri. Usikae njia ya kwenda chooni, usikae chini ya spika, usikae mlangoni mwa jikoni ambako sahani zinapita kila sekunde. Kwenye ukumbi wa vigae na vioo vitupu bila pazia kila mtu anapandisha sauti ili asikike, na jirani naye anapandisha, mwisho mnapiga kelele wote. Kona yenye ukuta upande mmoja inatosha. Kama uko na mzee asiyesikia vizuri hili ndo jambo la kwanza kabisa la kuangalia, atafurahia zaidi wali wa kawaida anaposikia mnachoongea kuliko mlo mzuri asiojua mnacheka nini.

Mkiwa wengi agizeni kwa mara moja na agizeni vitu vichache vya kugawana katikati kuliko kila mtu na sahani yake, jikoni ni rahisi kutoa sahani nne kubwa kuliko tisa tofauti, zinakuja pamoja na kila mtu anaonja. Anzeni na kidogo. Mwili unachukua kama dakika 20 kugundua kwamba umeshiba, ndo maana kuagiza kwa njaa ni kuagiza kwa watu wawili wasiokuwepo, ongezeni baadae, jiko halikimbii.

Pilipili kama huna uhakika iombe pembeni. Ikikuzidi usikimbilie maji, ule moto ni wa kapsaisini, kemikali iliyomo kwenye pilipili, na haiyeyuki vizuri kwenye maji, yanaitembeza tu mdomoni, kunywa maziwa au kula mtindi, au tafuna wali na mkate.

Osha mikono kwa sabuni na maji sekunde 20 kabla ya kula, hasa kama mnakula kwa mkono. Ile jeli ya pombe inasaidia kwa vingi ila virusi vya noro ambavyo vinaleta kutapika na kuharisha havijali sana jeli, sabuni na maji ndo dawa.

Kula peke yako pia ni kula. Kuna watu wanaona aibu kuingia mgahawani peke yao wanaishia kununua biskuti, mi hilo linaniuma. Kaa kaunta kama ipo, hapo ndo penye hadithi, unaona mpishi anavyofanya kazi, unahudumiwa haraka, na hakuna anayekuangalia.

Hatua ya 8: Chakula kimekuja na kina tatizo

Sema mapema na sema taratibu. Kuku akiwa na damu kwenye mfupa na nyama bado ya waridi, chakula kikija baridi, au umeletewa ambacho hukuagiza, usile nusu halafu ukalalamika, mwite mhudumu baada ya tonge la kwanza, "samahani kaka, huyu kuku naona hajaiva ndani, naomba mumrudishe." Bila ukali, maana aliyeleta sahani sio aliyepika. Mgahawa wenye akili unabadilisha bila maneno. Kama wakibisha kwenye jambo la usalama, kuku mbichi, samaki anayenuka, lipia ulichokula na uondoke, hakuna mlo wenye thamani ya siku tatu za tumbo.

Lakini kama ni ladha tu hukuipenda, hilo sio kosa lao. Umejaribu, umejua.

Hatua ya 9: Bili

Soma bili mstari kwa mstari, sio kutokuwaamini watu, makosa ya kuingiza oda ya meza nyingine yanatokea kila siku kwenye msongamano. Angalia idadi ya vinywaji, angalia kama kodi imo ndani au imeongezwa, na angalia kama kuna mstari wa huduma. Kama huduma imeshaongezwa huna deni lingine, ukitaka kuacha kitu ni moyo wako. Bakshishi inatofautiana sana, Marekani mhudumu anategemea asilimia 15 mpaka 20 kama sehemu ya kipato chake, Japani ukiacha hela mezani wanaweza kukukimbilia kukurudishia, kwahiyo ukienda nchi ngeni tafuta hili kabla ya kukaa mezani. Ukiacha acha keshi mkononi mwa aliyekuhudumia inapowezekana.

Ukiwa ugenini unalipa kwa kadi na mashine ikakuuliza unataka kukatwa kwa hela ya nchi yako au hela ya pale, chagua hela ya pale. Ile nyingine wanakubadilishia wao kwa kiwango chao na kawaida kiko juu kuliko cha benki yako. Na kadi isiondoke machoni pako, waambie walete mashine mezani au nenda kaunta.

Kugawana bili kubalianeni kabla ya kuagiza, sio baada. Kama mmoja kanywa maji na mwingine kanywa chupa tatu, kugawa sawa kwa sawa sio haki, na huyo wa maji hatasema kitu ila mwaliko ujao hatakuja. Mwambieni mhudumu mwanzoni kama mnataka bili mbalimbali, mwishoni inamsumbua sana.

Hatua ya 10: Mabaki

Omba wakufungie, hakuna aibu, umelipia. Ila ile hesabu ya saa 2 bado inaendelea na ilianza chakula kilipotoka jikoni, kwahiyo kama unaenda sinema au unapitia kwa rafiki kwanza acha samaki, wali na vyenye maziwa, chukua mkate au matunda. Ukifika nyumbani kitoe kwenye kile chombo kirefu ukitandaze kwenye bakuli pana kipoe haraka, halafu friji. Kesho kipashe mpaka kitoe mvuke katikati, sio pembeni tu, ukitumia maikroweivu kikoroge nusu ya njia kwasababu inaacha sehemu za baridi. Wali upashe mara moja tu na uliobaki hapo mwaga.

Na kabla hujalala ufungue ile ramani uandike maoni yenye kazi: ulikula nini, saa ngapi, ulisubiri muda gani, jina la sahani iliyokuwa nzuri. "Pazuri sana" halimsaidii mtu, "supu ya mchana ifuate kabla ya saa saba inaisha" linamsaidia anayekuja kesho.